Timazi, Fundi Aliyeipiga Lipu Ardhi Inayotembea

Leo tunamrudisha ardhini mtu aliyebishana nayo maisha yake yote. Jina la kwenye cheti chake lipo chini ya picha, ukurasa wa kwanza wa ratiba hii ya mazishi, na kila mtu atalisoma kwa nafasi yake. Hapa ataitwa Timazi. Timazi ni ule uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, ambao mwashi huuning'iniza kando ya ukuta kuona kama umesimama wima au umelewa. Alipewa jina hilo akiwa kijana, likamkaa mwilini kuliko shati, na hata daktari aliyekuja kuthibitisha kifo chake alisimama mlangoni akauliza kwanza, "Ni Timazi kweli?" Kana kwamba mtu wa namna ile hawezi kulala chali.

Alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Mei 1946, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wake chini ya kilima, mtoto wa pili na wa mwisho. Dada yake alikuwa amemtangulia kwa miaka mitano na alishuhudia yote, pamoja na mengine ambayo wenzake hawayakumbuki. Asubuhi ile ardhi ilitikisika kidogo, kama mtu anayegeuka kitandani. Mkunga, mama mnene ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, alichomoka na mtoto mkononi hadi barabarani na kumsahau mzazi ndani. Mzazi akabaki kitandani anapiga kelele, "Mrudishe huyo! Sijajua hata ni wa kike au wa kiume!" Aliporudishwa, mtoto hakulia. Aliutazama ukuta wa chumba, ambao ulikuwa umepata ufa kutoka dirishani hadi chini, akakunja uso. Hata kitovu hakijakauka, na tayari amekasirikia ukuta wa watu.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1954 hadi 1960. Hesabu alizipenda, insha zilimchosha. Aliagizwa kuandika kuhusu safari aliyoifurahia, akaandika ukurasa mzima kwamba dirisha la darasa limepinda. Mwalimu alimchapa, kisha akaenda kulitazama dirisha, kisha akamwita mwalimu mkuu alitazame. Alipomaliza shule alichukuliwa na mjomba wake, mwashi mkali ambaye sauti yake ilikausha saruji kabla ya jua. Mwaka wa kwanza mjomba hakumruhusu kugusa mwiko wa kupigia lipu. Alikoroga tu na kubeba. Siku moja kijana akasema, "Mjomba, huu ukuta wako unaegemea." Mjomba akatoa maneno yasiyoweza kusomwa mbele ya waombolezaji. Kijana akaning'iniza uzi. Chuma kikakaa mbali na ukuta kwa upana wa kidole. Mjomba akaubomoa ukuta kimya kimya, na kuanzia jioni ile akamwita Timazi.

Alifanya kazi ya uashi kwa zaidi ya miaka hamsini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliifanya katika mtaa mmoja, huu uliojinyoosha chini ya kilima kutoka kwa wazazi wake hadi zahanati. Mtaa huu ulikuwa na tabia. Kuta zake zilipasuka mahali palepale kila baada ya mwaka au miwili. Milango iliyofunga vizuri wakati wa kiangazi ilianza kugoma. Ukingo wa barabara, ambao kila mzee aliona ukijengwa ukiwa umenyooka, ulipata kombo katikati, na lawama zote zikamwangukia mkandarasi kwamba alikuwa mlevi. Maskini mkandarasi yule alikufa akiwa hanywi hata togwa, na sifa yake ya ulevi bado inaishi.

Timazi alikuwa na masharti yake ya kazi: hakuruhusu ufa ulale wazi. Ukimwita asubuhi, kabla ya chakula cha jioni ameupanua kwa tindo, ameulowesha, ameushindilia saruji, ameweka wavu wa waya pale palipohitaji, amepiga lipu na kupaka chokaa. Mgeni angepita kesho yake asijue kama ukuta uliwahi kuumwa. Wateja walipenda kumtajia yale maneno ya wahenga kuhusu nyufa na kuta, naye aliwajibu, "Wahenga hawakuwahi kushika mwiko. Sogea, unanizibia mwanga." Alinyoosha mpaka ukingo wa barabara mbele ya nyumba za watu bila kuombwa. Jicho lake lilikuwa tatizo hata kwenye sherehe. Aliwahi kumwambia bibi harusi wa watu kwamba nyusi zake hazilingani.

Bibi harusi wake mwenyewe alimpata kwa njia ya mlango. Alikuwa mshonaji, mpangaji katika chumba cha barabarani, na mlango wake ulikuwa haufungi kwa sababu fremu ilikuwa imesukumwa na ukuta. Timazi alikwenda kuurekebisha. Baada ya wiki mbili ukagoma tena, akaitwa tena. Ukagoma tena. Dada yake alishangaa: kila ufa aliouziba ndugu yake ulikaa mwaka, huu mmoja tu ndio haukai hata mwezi? Akamuuliza mshonaji, na mshonaji akamjibu huku akikata uzi kwa meno, "Wifi, mimi sijui mambo ya saruji. Ila fundi akiondoka namwona anaibonyeza saruji mbichi kidogo kwa kidole." Alimwita wifi kabla hajaposwa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Novemba 1971, na mlango ule haukusumbua tena. Waliishi kwenye kiwanja cha wazazi, katika nyumba ambayo Timazi aliijenga upya kwa mikono yake, na wakajaliwa watoto wawili: binti, na mdogo wake wa kiume ambaye sasa ni dereva wa lori.

Binti alikuwa mtu wa mawe tangu utoto. Aliyaokota, akayalaza kitandani, mama yake akayatupa, akayaokota tena. Alisoma hadi akaajiriwa katika ofisi inayopima mwendo wa ardhi, na mwaka 2006 ofisi hiyo ilifika kwenye mtaa wa baba yake. Wapimaji walichimbia vyuma pande zote mbili za barabara ili waone kama vinaachana. Waligonga milango wakawauliza watu kama kuta zao hupasuka. Kisha binti akaja nyumbani Jumapili moja mchana, akala kidogo, akanyamaza.

"Sema tu, mwanangu," mama yake akamwambia. "Ukinyamaza hivyo unafanana na baba yako akipima."

"Baba, unajua watu wa mtaa huu waliijibu nini ofisi yangu?"

"Walijibu ukweli. Kuta zao hazipasuki."

"Walijibu: hapa tunaye Timazi."

Timazi alijinyoosha kwenye kiti akamtazama dada yake, aliyekuwa mgeni mezani siku hiyo kama siku nyingine zote, akitaka shahidi wa sifa.

"Hiyo si sifa, Baba. Miaka yote hii ardhi imekuwa ikituandikia ukutani, na wewe unafuta."

Akawaeleza. Aliwaambia kwamba ganda la dunia si kitu kimoja. Limegawanyika vipande vipana sana vinavyoitwa mabamba, vilivyobeba bara na bahari kama zege lililomwagwa juu ya kitu kinachoteleza. Mwamba wa chini yake ni mgumu, lakini una joto kali mno kiasi kwamba unajongea polepole kuliko jicho linavyoweza kuona. Mahali pengine mabamba mawili yanaachana, na mwamba ulioyeyuka unapanda kujaza nafasi. Pengine yanagongana, moja linazama chini ya mwenzake, au yote yanakunjana na kuinua milima. Na pengine hayaachani wala hayagongani. Yanapita kando kando, moja likienda huku na jingine kule, yakisuguana mabega.

"Na nani anayeyasukuma?" Timazi akauliza. Alikuwa fundi, hakuamini kwamba kitu kizito husogea chenyewe.

"Mengi yanavutwa. Lile linalozama linakuwa zito, linavuta lililobaki nyuma."

"Kama kitambaa kinapoanza kuteleza mezani," mama yake akasema. "Kikishaning'inia upande mmoja, chote kinafuata. Nimepoteza hariri nzima hivyo."

"Ndiyo hivyo hasa, Mama. Na sisi tumekaa mahali mabamba mawili yanapopitana. Kilima kinakwenda huku. Tambarare inakwenda kule. Mstari unapita chini ya mtaa huu, unapita chini ya kiwanja chetu, unapita chini ya zahanati." Kisha akamgeukia baba yake. "Ule ufa wa uani, mara ya mwisho umeuziba lini?"

Timazi akafikiri. Uso wake ukaanza kung'aa. "Haujafunguka tangu mwaka ule shangazi yako alipotoka hospitali. Na si wa kwetu tu. Mtaa mzima umetulia." Akapiga meza. "Nimeushinda!"

Dada yake akapiga makofi na kusema kwamba angepewa saruji ya kutosha ndugu yake angeziba hata bahari. Binti hakucheka. Alitoka uani akarudi na kipande cha nondo nyembamba, akamwita baba yake hadi mlangoni, akakichomeka upande mmoja kati ya mawe mawili ya ngazi.

"Sukuma, Baba."

Akasukuma. Nondo ikapinda.

"Endelea. Sasa achia."

"Siachii. Itanichapa uso."

"Basi ndiyo hiyo. Mabamba hayajasimama, Baba. Kule mbali vyuma vyetu vinaonyesha yanaendelea kwenda, mwaka kwa mwaka. Hapa tu ndipo pamekwama. Zamani paliachia kidogo kidogo, wewe ukawa unaziba. Sasa hapaachii. Hujashinda kitu. Umeshika nondo iliyopinda."

"Na itaachia lini?" mama yake akauliza.

"Hakuna anayejua, Mama. Inaweza kuwa kesho. Inaweza kuwa enzi za wajukuu wa wajukuu wenu. Mtu akikupa tarehe, ni mwongo."

"Basi kama haijulikani," Timazi akasema, akirudi mezani, "niacheni nimalize kula."

Binti aliwatafutia kiwanja upande wa tambarare, mbali na mstari. Timazi alisema watahama akimaliza dari. Dari haikumalizika. Binti alipombana mama yake, mama alijibu, "Mimi ni uzi tu, mwanangu. Sindano ni huyo hapo. Akipita, nitapita." Lakini alianza kupanga vitambaa vyake kwenye maboksi, akayaweka karibu na mlango. Yalikaa hapo hadi wageni wakazoea kuyakalia. Ulipotimia mwaka wa tano bila ufa, Timazi aliwaita majirani uani, akawanywesha chai, akawaonyesha ukuta. Waliugusa mmoja mmoja. Mshonaji aliwamiminia chai, na kila alipopita karibu na mlango alisukuma maboksi kidogo kwa mguu, kuelekea nje.

Jumanne, tarehe 14 Agosti 2012, asubuhi, Timazi alikuwa juu ya jukwaa la miti nje ya zahanati, akipaka chokaa. Mkewe alikuwa nyumbani kwenye cherehani. Kwanza ulisikika mlio, si wa juu bali wa chini, kama malori yote ya dunia yamepita chini ya miguu. Dada yake alikuwa anaanika shuka. Anasema aliona kilima kikivua miti yake kama mtu anayevua kofia, na kwa jambo hili hajaongeza chumvi hata chembe. Jukwaa lilianguka. Timazi alianguka nalo, bega likachomoka, akainuka akakimbia.

Barabara aliyokimbia haikuwa ile aliyoijua. Ukingo wake ulikuwa umekatika, na kipande cha upande wa kilima kilikuwa kimehama zaidi ya urefu wa mkono, kimesimama mbele ya geti la mtu mwingine. Ardhi ilikuwa imefanya kwa pumzi moja kazi ya miaka mingi. Nyumba yake ilikaa juu ya mstari. Nusu ilikwenda na kilima, nusu ikaenda na tambarare.

Hapa panapaswa kusemwa jambo ambalo Timazi mwenyewe aliagiza lisemwe. Katika nyumba nyingine za mtaa, kuta zilivunjika vipande, na kati ya vipande palibaki nafasi, na kupitia nafasi hizo watu walivutwa wakiwa hai. Ukuta wa chumba cha cherehani ulikuwa umeshindiliwa saruji na nyavu za waya miaka arobaini. Haukuvunjika. Ulianguka mzima, kama mlango. Watu walikuja na mitaimbo, na ilikuwa jioni ndipo walipouinua. Mshonaji alikuwa ameinama pale pale alipokuwa akishona. Alizikwa tarehe 16 Agosti katika makaburi ya zamani ya mlimani. Waliokuwepo wanakumbuka kwamba Timazi hakulia. Aliuliza tu, mara nyingi, kama kuna mtu aliyemsikia mkewe akigonga chini ya ukuta.

Zahanati haikuanguka. Fundi mwingine aliipiga lipu, ikapakwa rangi, na watu wakasema kama imestahimili lile, itastahimili lolote. Binti alikuja na vifaa vyake, akapima, akamkuta baba yake amekaa kwenye kifusi.

"Ardhi iliachia kutoka kwetu hadi zahanati, ikaishia hapo," alimwambia. "Kutoka zahanati kwenda mbele haijaachia bado. Na sasa ule mkazo wa nondo uliotoka kwetu umeongezeka huko."

"Wodi ya wazazi iko upande gani?"

"Iko juu ya mstari, Baba."

Timazi alijua kilichokuwa ndani ya ukuta wa wodi ile, kwa kuwa yeye ndiye aliyekiweka. Alikuwa ameuziba mara nyingi kuliko anavyokumbuka, kila mara akipita na lipu hadi mwisho ili akina mama wasione ufa juu ya vitanda vyao. Hakuna hata mmoja katika zahanati ile aliyewahi kuuona. Kuanzia siku hiyo, kazi yake ikawa moja: kuufungua mtaa mzima aliouziba, na kabla ya yote kuifungua wodi, ili akina mama watolewe mle ndani kabla ardhi haijaachia tena.

Alianza na nyumba za jirani, kwa nyundo na tindo, na kwa kila ufa aliofunua alipaka rangi nyekundu. Wengi walimfukuza. Walikuwa wamefiwa, walikuwa wamejenga upya kwa taabu, na huyu mzee anakuja kubomoa. "Timazi, uliijenga, ukaiziba, sasa unataka kuibomoa!" mwanamke mmoja alimtupia ndoo ya maji. Alijipangusa akaenda nyumba inayofuata.

Zahanati ilikuwa ngumu zaidi. Muuguzi mkuu, ambaye kila mtu humwita Sista, alitoka nje akamkuta anagonga ukuta wa wodi mchana kweupe, wakati wa kuona wagonjwa.

"Mzee wangu, unafanya nini?"

"Nafungua, Sista."

"Kuna mama anajifungua upande wa pili wa huo ukuta!"

"Ndiyo maana nafungua."

Mlinzi alimwondoa. Alirudi. Mara ya pili walimpeleka kituoni, akalala kwenye benchi. Dada yake alimpelekea chupa ya chai, akasimama mbele ya kaunta, akamwambia kwa sauti ya kutosha kila askari asikie, "Mdogo wangu, kwa umri huu wenzako hukamatwa kwa mambo matamu zaidi!" Timazi alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mara ya tatu Sista hakumwita mlinzi. Alisimama amekunja mikono, amechoka, akasema, "Gonga basi, tumalizane." Lipu mpya ikadondoka. Ya zamani ikafuata. Kisha saruji ngumu, ambayo Timazi aliitoa kipande kimoja kimoja, akikohoa, huku akiiambia kama mtu anayemsihi mtoto, toka, toka. Palipofunguka, Sista aliweka mkono, ukaingia hadi kwenye kiwiko. Aliutoa akautazama. Upande wa pili wa ufa palikuwa na kitanda, na mama amelala juu yake ananyonyesha.

Siku ile ile wodi ikahamishiwa kwenye mahema, katika uwanja wa mpira upande wa tambarare. Ndipo mambo ya Timazi yalipozidi kuwa mazito. Mvua zilikuja, mahema yakavuja. Mtoto mmoja njiti hakumaliza wiki katika baridi ile. Mama yake alikuja kwa Timazi, ambaye sasa aliishi kwa binti yake, akasimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alisema, "Wodi bado imesimama, Mzee. Nimepita sasa hivi nikaiangalia. Imesimama." Timazi alimkaribisha kiti, mama hakukaa. Wodi ile imesimama hadi leo. Ardhi haijaachia. Kila asubuhi, kwa miaka yote iliyobaki, Timazi alimuuliza binti yake kama imeachia, na hakuna aliyejua ni jibu gani analiomba.

Alianza kuugua kifua mwaka 2015. Daktari alisema ni vumbi la mawe na saruji lililokaa kwenye mapafu kwa miaka mingi na kuyakaza. Tangu mwaka 2018 hakuweza kupanda ngazi, na miezi ya mwisho alilala ameegemea mito mitatu, akipumua kama mtu anayepanda mlima. Sista alikuja kumwona mara mbili. Mara ya pili alikaa kitandani kwake, akamrekebishia blanketi, akasema, "Sitakwambia ulikuwa sahihi, Mzee. Sijui. Na yule mtoto namkumbuka kila mvua ikinyesha. Ninachoweza kukwambia ni kwamba sijalaza mama hata mmoja mle tena, na sitalaza." Timazi alimshika mkono akasema asante, na hiyo ndiyo faraja pekee aliyoipokea kutoka nje ya familia.

Wiki ya mwisho alimuuliza binti yake makaburi mapya yako wapi.

"Tambarare, Baba. Yale ya mlimani yamejaa."

Akavuta pumzi. "Mama yako yuko upande wa kilima."

"Ndiyo."

"Na kilima kinakwenda huku, tambarare inakwenda kule."

"Baba, kwa mwaka ni kidogo sana. Haifiki hata upana wa vidole viwili."

"Kwa muda nitakaolala," akasema, "huko ni mbali."

Alifariki Jumatatu, tarehe 4 Machi 2019, asubuhi, nyumbani kwa binti yake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Binti alikwenda kuomba nafasi mlimani akaambiwa hakuna, na ni kweli haikuwepo, isipokuwa moja, pembeni ya mshonaji, ambayo dada yake Timazi alikuwa amejihifadhia mwenyewe. Alikuwa akiwatangazia wote kwamba amechagua pale ili aendelee kumsengenya wifi yake bila kupaza sauti. Jana alimwita binti akamwambia, "Mpeni yeye. Mdogo wangu na mkewe wasipelekwe njia mbili. Mimi nizikeni tambarare. Nitawapungia mkono wakipita."

Kwa hiyo leo anazikwa mlimani, upande mmoja na mkewe, juu ya bamba moja.

Timazi ameacha binti mmoja, mtoto mmoja wa kiume, mkwe mmoja, wajukuu wanne, dada yake mkubwa ambaye sasa hana kaburi, na mtaa wenye nyufa nyekundu zilizo wazi, ambazo familia inaomba zisizibwe. Ardhi na iwabebe taratibu wote wawili, popote inapokwenda, na yeye sasa apate kupumzika.